Mahomes Apewe Sekunde Kabla ya Kupewa Nyota

Tangu Kansas City Chiefs, timu ya mpira wa Kimarekani ya ligi ya NFL, wafunge msimu wa 2025 kwa ushindi wa mechi 6 na vipigo 11, mashabiki wengi ninaozungumza nao wanashika dawa moja tu: aletwe mpokeaji mkubwa, yaani nyota wa kudaka pasi. Wanataja majina, wanapanga biashara, wanahesabu chaguo za drafti (zamu za kuchagua wachezaji wapya kutoka vyuoni) za kumwaga ili apatikane. Hasira yao naielewa vizuri. Timu hii ilikuwa haijakosa hatua ya mtoano tangu 2014. Ilishika kundi la magharibi la AFC, moja ya nusu mbili za ligi, misimu tisa mfululizo, na kati ya Februari 2023 na Februari 2025 ilicheza Super Bowl, fainali ya ligi, mara tatu mfululizo ikabeba mbili. Halafu Desemba tukamwona Patrick Mahomes, kwotabeki wetu, yaani mrusha pasi, amelala chini kwenye mechi dhidi ya Chargers akiwa ameshika goti, kano imekatika, na matumaini ya mtoano yakafa siku hiyo hiyo. Aliyeumia hutafuta wa kumlaumu, na wapokeaji ndio kamera inaowaonyesha mpira ukiwaponyoka. Mimi nasema lawama hiyo imeelekezwa pasipostahili. Mashambulizi ya Chiefs yalianza kuvunjika kwenye ukuta wa mbele na kwenye mchezo wa kukimbia na mpira, zamani kabla ya msimu huu, na mpokeaji ghali akiletwa leo atalikuta tatizo lile lile limeketi likimsubiri.

Hapa mjini kuna familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Tanzania zilizoujua mchezo huu kupitia watoto wao waliotoka nao shuleni, kwa hiyo niseme kidogo jinsi pasi inavyozaliwa. Kwotabeki anapopokea mpira kwa nia ya kurusha, watu watano wakubwa wanasimama mbele yake kama ukuta, kazi yao kuwazuia wavamizi wasimfikie. Wanaoruhusiwa kutoka kwenda kudaka hawazidi watano. Upande wa pili wapo 11 pia. Wakivamia wanne, wanabaki saba wa kuwakaba watu watano. Ikiwa ukuta unawashika wale wanne kwa sekunde tatu hivi, mmoja wa wapokeaji atabaki huru tu, maana hakuna beki anayeweza kukimbia kinyumenyume akifuata mtu anayejua anakokwenda kwa muda wote huo. Ikiwa wanne wanapita ndani ya sekunde mbili, saba wanatosha na wanabaki. Hapo jina la mpokeaji halina maana, kwa sababu mpira unatakiwa kutoka mkononi kabla hajafika anakotakiwa kugeuka. Sisi tuliokulia kwenye kandanda tunalijua kosa hili: timu ikitoka bila bao uwanja mzima unaimba aletwe straika, wakati viungo hawakumpa hata pasi tatu za maana. Kinachotofautisha ni kwamba kwenye mchezo wa Kimarekani hesabu hiyo unaweza kuiona kila mpira unapochezwa, ukiacha kuufuata mpira na ukaangalia miguu ya wale watano.

Ushahidi mkubwa kuliko wote upo Tampa, na unahusu mchezaji yule yule ambaye mashabiki wanamlilia tangu auzwe, mpokeaji Tyreek Hill. Tarehe 29 Novemba 2020 Chiefs walicheza na Tampa Bay Buccaneers katika uwanja wa Buccaneers. Tyreek Hill alidaka pasi za yadi 203 katika robo ya kwanza peke yake, akamaliza na yadi 269 na tachidauni tatu, yaani mara tatu aliufikisha mpira eneo la mwisho la mpinzani. Mwezi Februari 2021 timu hizo hizo zikarudi kwenye uwanja huo huo kwa Super Bowl. Hill alikuwepo, mzima, na mbio zake zote. Travis Kelce, mdakaji mwingine mkuu wa Chiefs, alikuwepo, akiwa ametoka kwenye msimu bora kabisa wa maisha yake. Chiefs walifungwa 31–9 na hawakupata hata tachidauni moja. Kilichobadilika ni mambo mawili. Kwanza, Eric Fisher, aliyekuwa akilinda upande wa kushoto mwezi Novemba, alikuwa amekatika kano ya kisigino kwenye fainali ya AFC, na mwenzake wa kulia, Mitchell Schwartz, alikuwa nje tangu zamani kwa mgongo. Pili, kocha wa ulinzi wa Tampa, Todd Bowles, aliacha kumkaba Hill kwa mtu mmoja. Aliwaweka mabeki wawili nyuma kabisa wakae juu ya kila pasi ndefu, akaridhika kuvamia na watu wanne. Mambo haya mawili ni jambo moja: Bowles aliweza kubakiza watu nyuma kwa sababu wanne walimtosha. Mahomes alibanwa mara 29 siku ile, rekodi ya Super Bowl. Nakumbuka pasi alizorusha akiwa sambamba na ardhi, nyingine zikamgonga mpokeaji usoni, na hata leo nikiziona nasikia uchungu. Mpokeaji mwenye kasi kuliko wote duniani alikuwa uwanjani, na hakusaidia kitu.

Andy Reid, kocha mkuu wa Chiefs, na Brett Veach, meneja mkuu, walisoma somo hilo kwa usahihi. Mwaka 2021 walijenga ukuta mpya wote: wakamsajili Joe Thuney, wakamnunua Orlando Brown Jr., wakawachukua Creed Humphrey na Trey Smith kwenye drafti. Mwaka uliofuata, Machi 2022, wakamuuza Hill kwenda Miami kwa chaguo tano za drafti. Wengi walisema mashambulizi yamezikwa. Msimu huo Chiefs wakaongoza ligi nzima kwa pointi, Mahomes akarusha yadi 5,250 na tachidauni 41 akawa mchezaji bora, na wapokeaji wake walikuwa JuJu Smith-Schuster, Marquez Valdes-Scantling na wengine ambao leo shabiki wa kawaida anahitaji kufikiri kabla ya kuwataja. Super Bowl ya Februari 2023 walikutana na Philadelphia Eagles, timu iliyowaangusha makwotabeki wa wapinzani mara 70 katika msimu. Mahomes hakuangushwa hata mara moja. Katika robo ya nne Kadarius Toney na Skyy Moore wakafunga tachidauni kila mmoja bila beki yeyote kuwa karibu nao, kwa mbinu moja iliyogeuzwa upande. Hakuna mtu aliyewahi kuwaita wawili hao nyota. Walikuwa peke yao uwanjani kwa sababu mbinu ilikuwa nzuri, Kelce aliwavuta mabeki, na kwotabeki alikuwa na nafasi ya kutazama.

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo wanaotaka mpokeaji wana haki nayo, na ni kubwa. Msimu wa 2023 mikono ya wapokeaji ilikuwa mibovu kweli. Valdes-Scantling aliachia pasi ndefu dhidi ya Eagles mwezi Novemba ambayo ingeshinda mechi, na Toney alisimama mbele ya mstari wa kuanzia mchezo dhidi ya Buffalo mwezi Desemba, akafuta moja ya tachidauni nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, Kelce akiwa amemrushia mpira nyuma katikati ya mbio. Pointi zilishuka hadi chini ya 22 kwa mechi. Taji lilipatikana msimu ule kwa nguvu ya ulinzi zaidi kuliko kitu kingine. Mwaka 2024 Rashee Rice, ambaye tayari alikuwa mpokeaji bora wa timu, aliumia goti mwezi Septemba. Mwaka 2025 alianza na adhabu ya mechi sita kutoka kwa ligi, na Xavier Worthy akateguka bega mwanzoni kabisa mwa mechi ya kwanza, kule São Paulo, alipogongana na Kelce mwenyewe. Wiki iliyofuata, dhidi ya Eagles, Kelce alishindwa kuudhibiti mpira karibu na mstari wa mwisho ukadakwa na mpinzani, na Chiefs wakafungwa 20–17. Dhidi ya Houston mwezi Desemba mipira iliponyoka tena saa mbaya kuliko zote. Kelce alikuwa na miaka 36. Mtu akiniambia kundi hili halina mtu mmoja wa kumtegemea wiki hadi wiki, sibishani naye.

Lakini ukiitazama tena mechi ile ya Houston, iliyoisha 20–10, utaona kitu kingine. Josh Simmons, kijana aliyechaguliwa mwishoni mwa raundi ya kwanza ili kulinda upande wa kushoto, alikuwa nje kwa kifundo cha mkono alichoumia dhidi ya Dallas. Mlinzi wa kulia naye hakuwepo. Trey Smith hakuwepo. Aliyewekwa kushoto, Wanya Morris, aliumia mchezo ulipoanza tu, kwa hiyo Mahomes alicheza mbele ya mojawapo ya safu kali za uvamizi katika ligi akiwa amezungukwa na wachezaji wa akiba. Wapokeaji walidondosha mipira, ni kweli. Walidondosha mipira iliyorushwa na mtu anayekimbia, kwa haraka, huku mabeki wakiwa wameganda migongoni mwao kwa sababu hawakuhitaji kumsaidia yeyote mbele. Wiki moja baadaye, dhidi ya Chargers, goti lilikatika Mahomes akiwa anakimbizwa.

Na upungufu wa upande wa kushoto haukuanza 2025. Mwaka 2024 timu ilijaribu Kingsley Suamataia, ikamjaribu Morris, ikamleta D.J. Humphries, mwishowe ikamhamisha Thuney kutoka ndani kwenda pembeni, yaani ikaziba shimo moja kwa kufungua jingine. Msimu ule ilishinda mechi 15 na kupoteza mbili, na ushindi mwingi ulikuwa wa tofauti ndogo sana, kwa hiyo hakuna aliyetaka kusikia habari za ukuta. Februari 2025 Eagles wakatulipa deni la miaka miwili. Katika mechi nzima ya Super Bowl hawakuongeza mvamizi wa tano hata mara moja. Wanne tu, mpira baada ya mpira, wakamwangusha Mahomes mara sita, idadi ambayo hakuwahi kuipata katika mechi yoyote. Ilikuwa 24–0 wakati wa mapumziko, na Chiefs walikuwa na yadi 23 kwa jumla. Anayesema tulikosa mpokeaji siku ile aeleze kwa nini Worthy alimaliza na yadi 157 na tachidauni mbili, nyingi zikiwa zimepatikana baada ya mechi kuwa imekwisha na Eagles kulegeza mkono. Alipopewa muda, alidaka. Mwezi uliofuata Thuney akauzwa Chicago kwa chaguo moja la raundi ya nne. Katika maamuzi yote ya uongozi tangu Mahomes aje, hilo ndilo ninaloona limegharimu zaidi, na sijasikia hata robo ya kelele zilizopigwa Hill alipoondoka.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi, inasema Chiefs wasingemuuza Hill mambo haya yasingetokea. Inachanganya mtu kuwa hodari na timu kumhitaji. Hill alikuwa na misimu mikubwa Miami, mwaka 2023 alifikisha yadi 1,799. Tarehe 13 Januari 2024 alirudi Kansas City na timu yake mpya kwa mechi ya mtoano, katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa selsiasi. Alifunga tachidauni ya yadi 53. Ilikuwa tachidauni pekee ya Miami, na walifungwa 26–7. Upande wetu, Rice, kijana wa mwaka wa kwanza aliyechukuliwa raundi ya pili, alidaka pasi nane za yadi 130. Miami walimpa Hill mkataba wa dola milioni 120 na pamoja naye hawakushinda hata mechi moja ya mtoano. Chiefs, kwa kutumia chaguo za biashara ile, walimpata Trent McDuffie, beki aliyekuwa nguzo ya mataji mawili. Skyy Moore, aliyepatikana pia humo, hakufikia walichotarajia, na hilo linakubalika. Lakini mizani ya biashara ile haiwezi kusomwa kama kosa na mtu aliyeshangilia barabarani Februari 2023 na tena Februari 2024.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya Seattle. Seattle Seahawks walitwaa Super Bowl ya Februari 2026, na mpokeaji wao Jaxon Smith-Njigba ndiye aliyeongoza ligi kwa yadi 1,793. Je, si ushahidi kwamba bingwa anahitaji mtu wa namna hiyo? Kwa kuwafikisha Seahawks kwenye fainali, alichangia mno, sitamnyima. Ila fainali yenyewe, waliyowafunga New England 29–13, ilishindwa kwa njia nyingine. New England walimkaba Smith-Njigba wakammaliza kwa yadi chini ya 30. Mchezaji bora wa mechi akawa Kenneth Walker III, mkimbiaji, kwa yadi 135, na ulinzi wa Seattle ukamwangusha Drake Maye, kwotabeki wa New England, mara sita. Idadi hiyo ya sita naiona kama kivuli cha ile yetu ya Februari 2025. Cincinnati Bengals nao wanafaa kutazamwa. Mpokeaji wao Ja'Marr Chase mwaka 2024 aliongoza ligi kwa pasi, yadi na tachidauni kwa pamoja, jambo ambalo wachache katika historia wamelifanya, na Bengals hawakuingia mtoano. Wakamlipa dola milioni 161, wakamlipa na mwenzake Tee Higgins milioni 115, na 2025 hawakuingia tena, huku kwotabeki wao Joe Burrow akikaa nje miezi kwa kidole cha mguu. Mpokeaji mkubwa anaipandisha timu iliyokwisha kuwa na msingi. Asipoukuta, anakuwa mapambo ya gharama.

Mchezo wa kukimbia ndio sehemu ambayo mashabiki wanaipita haraka mno. Mabeki wawili wa nyuma ambao Bowles aliwaweka mwaka 2021 sasa ni desturi ya kila timu inayokuja Arrowhead, uwanja wa Chiefs. Dawa yao haijawahi kuwa pasi ndefu zaidi. Dawa ni kukimbia na mpira kwa yadi sita, saba, kumi, mara kwa mara, hadi kocha wa upande wa pili alazimike kumshusha mmoja wao. Chiefs wa misimu ya 2024 na 2025 walikuwa na Kareem Hunt na Isiah Pacheco, watu wenye moyo, lakini Hunt alikuwa wa kuchukua yadi mbili pale zinapohitajika mbili, na Pacheco hakurudi kuwa yule wa kabla ya kuvunjika mguu 2024. Mbio ndefu zilikuwa adimu kabisa. Matokeo yake Mahomes akawa mtu wa kurusha pasi fupi mbele ya watu saba wanaomtazama, na mara nyingi kwenye jaribio la tatu la muhimu (kati ya manne ya kusogeza mpira yadi kumi) yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa mkimbiaji tegemeo. Kwotabeki wa thamani yake kuwa mkimbiaji tegemeo ni dalili ya ugonjwa, na goti lake limelipa.

Kuanzia hapo ndipo maana ya jambo hili kwa 2026 inapokuja. Mahomes atatimiza miaka 31 mwezi Septemba, akirudi kutoka kwenye jeraha ambalo kwa kawaida huchukua miezi tisa au zaidi. Hata akicheza tangu wiki ya kwanza, ni vigumu kumtarajia kwamba atakwepa wavamizi kwa miguu kama alivyofanya kwa miaka yote aliyoficha udhaifu wa ukuta. Miaka hiyo yote sisi tulimwona akiokoa mchezo uliokufa tukaita uchawi, na uongozi nao ukazoea kuhesabu uchawi huo kama sehemu ya mpango. Sasa kila mlinzi dhaifu upande wa kushoto ana gharama ambayo hakuwa nayo mwaka 2022. Kama Simmons ni mzima, basi anajua kazi, nilipomwona akicheza nilishawishika, lakini nyuma yake lazima kuwe na mtu wa pili anayeweza kuanza mechi, na wa ndani kushoto lazima awe imara. Fedha za mpokeaji nyota wa soko huria zinatosha kupata watu wawili wa aina hiyo na mkimbiaji juu yake.

Chiefs walitoka msimu wa 2025 na chaguo la 9 kwenye drafti ya Aprili 2026, la juu kuliko yote waliyoyatumia au kuyamiliki tangu 2013, mwaka wa kwanza wa Reid, walipochagua wa kwanza kabisa na kumchukua Fisher, mlinzi wa kushoto. Reid mwenyewe alicheza ukuta chuoni na akaanza ukocha akifundisha ukuta, kwa hiyo haya ninayoyasema anayajua kunizidi mara elfu. Ninachoogopa ni shinikizo. Kelele za mashabiki na runinga zinaweza kuisukuma timu kwenda kwa mpokeaji anayemeremeta kwa sababu ndiye anayeuza jezi. Rice anaingia 2026 akiwa na mwaka wa mwisho wa mkataba wake, Worthy ana msimu wa tatu mbele yake, na wote wawili hawajawahi kucheza msimu mmoja wakiwa wazima pamoja. Waachwe wacheze mbele ya ukuta wa kweli, tuwapime. Eric Bieniemy amerudishwa kuratibu mashambulizi, na mwaka 2025 alikuwa Chicago akiwafundisha wakimbiaji, nyuma ya ukuta ule ule aliosimama Thuney. Ameona kwa macho yake kile tulichokiuza. Nitaanza kumwamini siku ya mechi ya kwanza atakapoita mbio kwenye jaribio la pili la yadi nne, halafu akaita tena, hadi yule beki wa nyuma ashuke.